Nzi Walipokuwa Wageni Wangu

Juzi Brenda, mjukuu wangu, aliacha beseni yake karibu na mlango wa jikoni akaingia kuoga. Upepo ukapita. Weh! Ile harufu ikanipata nikiwa na mwiko mkononi, nikasimama hapo hapo mpaka ugali ikaanza kushika chini. Ilikuwa harufu ya ugali iliyolala, kabeji iliyochacha, maganda ya viazi, na chini yake kitu kingine kitamu-kitamu kama uji ya jana. Mtu mwingine angeziba pua. Mimi nilicheka peke yangu jikoni mpaka Brenda akatoka na sabuni kwa masikio akidhani nimeanguka.

Huyu msichana anafuga nzi. Ndio, nzi. Anaenda mpaka Salgaa kwa hoteli za madereva wa malori, anabeba mabaki kwa ndoo, analisha wadudu wake weupe, halafu hao wadudu ndio chakula ya kuku. Siku ile alinieleza mara ya kwanza aliogopa nitamfukuza. "Shosho, usione kama ni uchafu," akaniambia, "hii ni teknolojia mpya kabisa."

Mpya! Nikamwambia, "Mama, hiyo mpya yako nimeifanya kabla baba yako hajazaliwa." Akaniangalia vile watoto hutuangalia tukiwaambia tulikuwa tunatembea bila viatu kwa baridi ya Njoro. Basi acha niwaambie nyinyi wa rika langu, maana nyinyi mnakumbuka zile laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa mzungu, na hamtaniita muongo.

Tulikaa kwa shamba ya mzungu upande wa Njoro, mahali ngano ilikuwa inaanza mlangoni mwa mtu na kuisha pale macho yanachoka. Baba alikuwa anakamua ng'ombe. Mama alikuwa anachuna pareto, yale maua meupe yenye jicho la njano, na jioni akirudi nguo zake zilikuwa zinanuka pareto, mikono inanuka pareto, hata ukikumbatiwa unapiga chafya. Mama alikuwa mtu msafi, mtu wa kanisa, mtu wa kufunika chakula. Nzi akiingia kwa nyumba yetu alikuwa anaona ufagio kabla hajaona meza. Kwa vitanda alitandaza pareto kavu chini ya blanketi, kwa hivyo nyumba yetu haikuwa na kiroboto hata mmoja, na Mama alijivunia hiyo kitu kuliko vile wengine walijivunia ng'ombe.

Nyumba ya kufuata yetu ilikuwa ya Kogo Tabutany. Sisi tulikuwa watu wa Maragoli na yeye alikuwa Mkipsigis, lakini kwa laini watu walikuwa wanaishi kama vidole vya mkono moja. Kogo ni nyanya kwa lugha yao, na mimi aliniita lakwet, mtoto. Alikuwa mrefu, masikio yake yametobolewa yakaning'inia mpaka karibu na mabega, na akicheka yalikuwa yanacheza. Nyumba yake ilikuwa na vibuyu vya mursik, maziwa yao ya kulala, vimepangwa ukutani, vimefungwa vizuri midomo, na mimi nilipenda kukaa hapo nikiviangalia. Kwa sababu nilijua siri yake: unaweka maziwa, unafunga kabisa, unaondoka, na yenyewe ndani ya giza inageuka kuwa kitu kingine. Hakuna mtu anaigusa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa ajabu kubwa zaidi duniani. Hii muikumbuke, ndiyo iliniharibia kazi.

Sasa, Kogo alikuwa na kuku mama mweusi ambaye alikuwa ametoka tu kuangua. Siku moja habari ikaja kwamba binti yake kule Londiani amekaribia kujifungua, na Kogo lazima aende. Akaniita.

"Lakwet, unajua kulinda?"

"Najua."

"Unalinda nini?"

"Chochote."

Masikio yakacheza. "Basi linda huyu na watoto wake. Nikirudi, na wakikua mpaka waanze kulala juu ya mti kama wakubwa, mimi nitachagua moja kwanza, halafu wewe utachagua moja. Itakuwa yako. Si ya baba yako, si ya mama yako. Yako."

Nyinyi mnajua hiyo mpango, kulindia mtu kuku na mnagawana watoto. Ilikuwa kitu ya watu wazima. Mimi sikuwa na kitu yangu hata moja katika dunia hii. Gauni ilikuwa ya dada kabla yangu, blanketi ilikuwa ya watu wote, hata jina nilirithi kwa shangazi. Na sasa naambiwa yako! Sikulala. Nilikuwa tayari nimemchagua kwa roho yangu: kulikuwa na kifaranga moja cha madoadoa, mweusi na mweupe, kama mtu amemnyunyizia unga. Nilijua pia Kogo si mjinga, na yeye ndiye anachagua kwanza. Lakini hiyo niliisukuma mbali.

Kogo hajafika hata Londiani, nyapara akapita kwa laini akigonga debe. "Kuku yote ndani! Tunapanda ngano! Kuku itaonekana kwa shamba ni ya mbwa wa mzungu, na mimi sitaki kuona mtu analia hapa!" Kila mwaka ilikuwa hivyo. Kuku walikuwa wanakula mbegu, kwa hivyo wakati wa kupanda walifungiwa mpaka ngano itoke na kushika. Watu wakafungia kuku zao. Mimi nikafungia wangu kwa kibanda ya Kogo ya fito, nyuma ya nyumba.

Kuku aliyefungiwa hachakuri. Hachakuri, hali. Nikamwendea Mama nikamwomba unga kidogo tu.

"Posho ni ya watu," Mama akasema. "Kuku wa Kogo wanajua kwao. Waende wakapimiwe huko."

Lakini Kogo alikuwa ameniachia dawa. Kabla aondoke alinionyesha chungu mzee, mdomo umevunjika upande moja, akasema: "Tia mabaki humo. Ugali, maganda, chochote. Weka maji kidogo na mavi ya ng'ombe kidogo, iwe laini. Weka nyuma ya kibanda. Utapata funza wa kulisha hawa." Si wale funza wa kuingia vidole, tafadhali, hao tulikuwa nao wa kutosha. Wale weupe, wanene. Basi, hakusema zaidi. Kwa mtu mzima hiyo ilikuwa imetosha.

Mimi nilifanya kila kitu. Nilikwangua sufuria za laini nzima. Nikakoroga. Na mara hiyo hiyo, nzi wakaja! Nikakasirika sana. Hii ni chakula ya vifaranga vyangu, nyinyi wezi mnatafuta nini? Nikachukua tawi nikawa nawafukuza. Nikikaa, wanarudi. Nikisimama, wanaenda pale kando wananingoja, wanasugua mikono. Mnajua vile nzi husugua mikono, kama mtu ameona nyama.

Halafu Mama akapita. "Nini inanuka hapa?"

"Ni chakula ya kuku wa Kogo."

"Sikia nikwambie. Nikiona nzi mmoja anatoka kwa hiyo chungu anaingia kwa sufuria yangu, hiyo chungu itakutana na shoka. Umeskia?"

Nimeskia. Nikafikiria sana. Nikafikiria vibuyu vya Kogo, vile vimefungwa midomo, vile maziwa inageuka yenyewe bila kuguswa. Bila shaka ugali nayo ni hivyo: unaifunga, inakaa gizani, inageuka funza. Nikachukua gunia kuukuu ya Mama, ile alikuwa anabebea pareto, bado imejaa unga wa maua kwa nyuzi zake, nikakunja mara nyingi, nikafunika mdomo wa chungu na kufunga na kamba ya mkonge. Na ndiyo wezi waondoke kabisa, nikaokota pareto kavu iliyobaki kwa pembe ya gunia nikanyunyiza juu ya mabaki. Si Mama ndiye alisema pareto inafukuza wadudu wote? Nikajipongeza. Chungu yangu ilikuwa safi kuliko vitanda vyetu.

Kila asubuhi nilikuwa nafungua nikiwa na roho mkononi. Nafungua, naangalia. Ugali. Nafunga. Kesho nafungua. Ugali, sasa iko na ndevu za kijani. Nafunga. Niliona siku moja nzi wawili watatu wamelala chini kando ya chungu, miguu juu, nikafurahi, nikasema vizuri, pareto inafanya kazi.

Vifaranga wakaanza kunyamaza. Mnajua kifaranga aliyeshiba anaongea bila kupumzika, kama mimi. Hawa walikuwa wanasimama mabega juu, macho nusu, kama wazee kwa baridi. Nilikuwa nawachimbia minyoo, lakini ardhi ilikuwa imekauka na minyoo imeenda chini. Nilikuwa nawapa ugali yangu, nikiificha kwa shavu. Lakini kipande ya shavu ni ya kifaranga mmoja, na hawa walikuwa midomo mingi. Asubuhi moja nikakuta mdogo kabisa amelala na hakuamka. Nikamzika kando ya ua. Yule wa madoadoa alikuwa amesimama peke yake kwa pembe, na nilipomchukua alikuwa mwepesi kama jani la mahindi. Nililia mpaka kamasi. Nilikuwa nalilia kuku ambaye hata bado hakuwa wangu.

Hapo ndipo Kogo alirudi. Nilisikia sauti yake kwa laini, anasalimiana nyumba kwa nyumba, amepata mjukuu, kijana, mkubwa hivi! Mimi nikajificha nyuma ya kibanda. Akanipata.

"Lakwet, mbona hawa wamekonda? Chungu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akaangalia ile gunia. Akaangalia kamba. Akafungua polepole, akainama, akanusa. Akanusa tena. Akaokota ua moja ya pareto kutoka kwa ugali, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Ni pareto. Nimefukuza nzi wote, Kogo. Hakuna hata mmoja ameingia."

Kogo alikaa chini. Nilidhani ni hasira. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka masikio yakapiga mabega, mpaka akashika fito za kibanda na kibanda ikatingika na kuku mama akapiga kelele.

"Umefukuza nzi," akasema. "Umefukuza nzi wote."

"Ndio. Walikuwa wanataka kuiba."

"Lakwet, kifaranga anatoka wapi?"

"Kwa yai."

"Na yai?"

"Kwa kuku."

"Na funza?"

"Kwa ugali."

Akaanza tena kucheka, lakini akajizuia, akanivuta karibu. "Nzi ndiye kuku ya funza. Anakuja, anataga pale, anaenda. Yule unafukuza na tawi ndiye mama."

Mimi nawaambia, dunia ilisimama. Nzi ni mama! Nzi anataga! Wale waliokuwa wanasugua mikono kando walikuwa akina mama wamebeba mayai wakitafuta mahali, na mimi nimewafungia mlango, na wengine nimewaua. Nilishika kichwa. Nilikuwa na haya, lakini haya haikuweza kunishika. Nilitaka kukimbia nimwambie kila mtu. Nilitaka kuona!

Kogo akamwaga ile yote, akasugua chungu na mchanga na majivu mpaka pareto ikatoka. "Sasa tafuta mabaki matamu," akasema. "Nzi ni kama mgeni, anakuja kwa harufu. Na fanya haraka, hawa wako karibu kwenda."

Nilikimbia mpaka jikoni ya mzungu. Mpishi alikuwa anaitwa Barasa, mtu wa tumbo na kofia nyeupe, anaongea kama yeye ndiye amenunua shamba.

"Unataka nini mlangoni kwangu na debe?"

"Naomba uchafu, Mzee Barasa."

"Uchafu! Watu wanaomba sukari, wewe unaomba uchafu?"

"Ni ya nzi."

Akasimama na kisu hewani. "Ya nani?"

"Ya nzi. Ndio watage."

Barasa aliita kijakazi wa nguo aje anisikie, nikarudia, wakacheka wakishikana. Lakini siku hiyo alikuwa ameunguza kastadi, ile uji tamu ya wazungu ya maziwa na mayai, na alitaka iondoke kabla memsahibu aione. Akamwaga yote kwa debe yangu, na maganda, na uji ya asubuhi, na mifupa ya samaki. "Waambie hao nzi wako," akasema, "leo wanakula kama mzungu."

Nikamimina yote kwa chungu na mavi ya ng'ombe kidogo. Jamani, ile kastadi! Sijawahi kuona wageni wakija hivyo. Wa kijani, wa buluu, wa kijivu wadogo, wote. Chungu ikaimba. Nilikaa chini karibu, mikono kwa magoti, na kila mmoja akitua nilikuwa namwambia, "Karibu. Karibu mama. Sogea hapo kuna nafasi. Taga pole pole."

Sikujua Mama amesimama nyuma yangu na gunia ya pareto mgongoni.

"Unaongea na nani?"

Nikageuka. "Ni wageni."

Mama aliona chungu, aliona nzi wamejaa kama kanisa ya Pasaka, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwa shoka. Nilijitupa mbele ya chungu nikaikumbatia, kastadi ikanipaka kifua chote. "Mama, tafadhali! Ukivunja nitakosa kuku wangu! Kifaranga atakufa!" Sijui ni nini alichoona usoni mwangu. Aliangalia kibandani, akaona yule wa madoadoa anayumba. Halafu akashusha ile gunia yake na kuiweka mbali kabisa, upande ule mwingine wa njia, mahali unga wake hauwezi kufika. Akaenda kufunika sufuria zake, na mfuniko juu ya mfuniko.

Na wakaja! Kwanza niliona kama chumvi imemwagika kwa mavi ya ng'ombe. Kesho yake ile chumvi inatembea. Halafu wakanenepa, weupe, wanapanda juu ya wenzao, chungu yote inachemka bila moto, na ukiweka sikio karibu unasikia kama mvua ndogo juu ya majani. Kogo akanionyesha kuwavuna: unaweka chungu kwa jua, wanakimbia mwanga, wanaenda chini wote, unatoa matope ya juu, unawapata wamejazana kama mchele. Unawapitisha kwa majivu wakauke. "Na usimalize," akasema. "Acha wengine wapate mabawa. Ukimaliza wote, nani atakuja tena?"

Mara ya kwanza niliwatupia vifaranga konzi moja. Nyinyi! Kuku mama aliita ile sauti yake ya kok-kok-kok, na hawa wazee wa baridi wakafufuka. Walikimbia, wakagongana, mmoja akanyakua akakimbia na wenzake nyuma yake kama wachezaji wa mpira. Yule wa madoadoa alikuja mwisho, akayumba, akaangalia, akadona. Akadona tena. Nilipiga kelele mpaka watu wa laini wakatoka wakidhani ni nyoka.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wakaota manyoya, wakaanza kuongea usiku na mchana. Wale watoto wengine wa laini wakaja na vyungu vyao, mimi nikawa mwalimu, nawaambia usifunike, usifukuze, hao ni akina mama. Ngano ilipotoka na kushika, nyapara akagonga debe watu wafungue kuku, na jioni ile vifaranga vyangu wote waliobaki wakaruka juu ya mti wa kulalia, wakajipanga kando ya mama yao. Kogo akaja.

"Wamelala juu," akasema. "Basi. Nachagua."

Roho yangu ilikuwa inagonga kama ile debe. Alisimama muda mrefu. Akamwangalia wa madoadoa, nikaacha kupumua. Mkono wake ukampita. Akamchukua yule mkubwa mwekundu, mwenye miguu minene, ambaye alikuwa anasukuma wenzake kila wakati. "Huyu wangu," akasema. "Sasa wewe."

Nilimnyakua wa madoadoa kabla hajamaliza kusema, nikakimbia mpaka kwetu nikiwa nimemfunga kwa gauni. "Mama! Mama! Macho ya Kogo yamezeeka! Hakumwona huyu mzuri! Amechukua yule mwekundu!"

Mama alikuwa anapakua. "Mwekundu gani?"

"Yule mkubwa. Yule ameanza kuwa na nyama nyekundu kichwani."

Mama akaacha mwiko. "Huyo ni jogoo," akasema. "Na huyo wako ni tembe. Huyo ndiye atataga."

"Kogo hajui?"

Mama akacheka, yeye ambaye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Kogo? Kogo anamjua jogoo akiwa bado ndani ya yai."

Nikasimama pale na kuku wangu anapumua kwa kifua changu, moto kama kiazi kutoka jivuni. Mama akarudi kwa sufuria. Akakwangua chini, ule ukoko tulikuwa tunapigania kila jioni na dada zangu, akautoa wote, akauweka kwa sahani ya bati, akaongeza na ugali laini juu yake. Akanisukumia.

"Haya," akasema. "Pelekea wageni wako."